Namna ya Kumwandika Mwanamke Mkaidi wa Juba

Mahitaji: mwanamke mmoja mwenye akili timamu, suruali moja ya jinzi, shangazi asiyekosa msiba wala harusi, kaka aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake, mzee wa mahakama ya kimila, jirani wa Gudele anayeona kila kitu kupitia uzio wa mianzi, na kurasa zisizozidi kumi na tano. Ongeza ujasiri wa kutosha kumwacha mhusika wako akiwa hai mpaka nukta ya mwisho.

Sisi wa Kiswahili tunao mwongozo wetu wa kale wa mwanamke. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwelekeza namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Ninamheshimu sana mama yule: alishika kalamu katika zama ambazo kalamu za wanawake zilikuwa chache, akamwachia mwanawe alichoamini kitamsitiri. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Ni wa mwandishi anayetaka kumtunga binti anayesema hapana, katika hadithi fupi, ndani ya jiji la Juba, Sudan Kusini. Nimeichagua Juba kwa sababu pale "hapana" ya mwanamke ina bei inayojulikana na ukoo mzima, na kila mjomba anaweza kukutajia kwa kichwa.

Anza na suruali. Mwandishi mchanga huona suruali ni jambo dogo kwa hadithi kubwa, lakini wenye mamlaka hawajawahi kuiona hivyo. Oktoba 2008 polisi wa Juba waliwakamata wasichana zaidi ya 30 kwa kosa la kuvaa suruali za kubana, kwa kufuata agizo la kamishna wa kaunti la kupiga marufuku tabia alizoziita mbaya. Fikiria wakati wenyewe. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Mkataba wa Amani wa 2005, ambao uliiondoa Sudan Kusini chini ya sharia ya Khartoum. Watu walikuwa wamepigana zaidi ya miaka ishirini ili Khartoum isiwaamulie namna ya kuishi, na katika vita hivyo walikuwemo wasichana wa jeshi la waasi wa Kusini, SPLA, katika kikosi kilichoitwa Katiba Banat, waliobeba bunduki miaka ya 1980. Hakuna aliyewauliza wakati ule kama suruali zao za kijeshi zinabana. Serikali ya Kusini iliona aibu, wasichana wakaachiwa, na uchunguzi ukaagizwa.

Miezi tisa baadaye, Julai 2009, mwandishi wa habari Lubna Hussein alikamatwa katika mkahawa wa Khartoum pamoja na wanawake wengine 12, kosa likiwa ni lile lile. Baadhi yao walitoka Kusini. Wengi wao walikiri kosa wakachapwa viboko kumi kumi wakaenda zao. Lubna alikataa. Aliacha kazi yake ya Umoja wa Mataifa ili kinga isimwokoe, akachapisha kadi za mwaliko wa kuhudhuria kesi yake kama mtu anayealika harusi, na alipotozwa faini ya pauni 500 akachagua jela. Chama cha waandishi wa habari ndicho kilichomlipia akatoka. Mwandishi, itazame kadi ile ya mwaliko kwa makini. Mwanamke ameichukua desturi inayoheshimika kuliko zote, ile ya kuwaita watu washuhudie, akaitumia kuwaonyesha fedheha ya serikali. Hadithi yako inahitaji kitendo kimoja cha namna hiyo, kilichotoka ndani ya utamaduni wenyewe, ambacho shangazi atakitambua mara moja na kwa sababu hiyo hiyo kitamchoma.

Sasa mvishe mhusika wako suruali, kisha nyamaza. Usimpe hotuba. Amenunua suruali yake katika soko la Konyo Konyo kwa pesa aliyoipata kwa kuuza chai, na anaivaa kwa sababu anapanda bodaboda kila alfajiri akiwa na birika mapajani. Hiyo inatosha. Anayepaswa kueleza ni yule anayemzuia. Mwache kaka aeleze, mchungaji aeleze, askari aeleze, kila mmoja kwa sababu yake inayopingana na ya mwenzake: mmoja aseme ni mila, wa pili aseme ni Biblia, wa tatu aseme ni usalama wake mwenyewe. Msomaji wa Nairobi ataelewa bila kuambiwa, kwani Novemba 2014 wanawake wa kule waliandamana barabarani baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume katika kituo cha basi kwa madai kwamba amevaa vibaya.

Usiishie kwenye suruali, lakini. Suruali ni mlango. Ukishaingia, nenda sebuleni, ukaketi karibu na kaka mtu, kwa maana huko ndiko hadithi yako iliko.

Waandishi wengi wa mjini huandika mahari kama tusi la jumla: "waliniuza." Msomaji wa Juba akisoma hivyo anakunja kitabu, kwa kuwa amezaliwa ndani ya mfumo ule na anajua una mishipa mingi kuliko neno moja. Katika jamii kama za Wadinka na Wanuer, ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya binti hawakai zizi moja. Baba anapata sehemu yake, wajomba wanapata, baba wadogo wanapata, na mara nyingi kaka anachukua wale wale akaenda nao kuoa kwingine. Ndoa moja imesimama juu ya nyingine. Siku dada akitaka kuachana na mume anayempiga, wakwe wanadai ng'ombe wao, wakipunguziwa kwa hesabu ya watoto aliozaa. Kaka naye hana cha kurudisha. Ng'ombe wako kwa wakwe zake yeye, wameshazaa, wengine wameliwa, wengine waliporwa vitani. Kwa hiyo "hapana" ya mwanamke mmoja inaweza kuvunja nyumba tatu, na watu watakaomsihi avumilie ni wale wale aliowabeba mgongoni walipokuwa wadogo.

Hapo ndipo pa kukaa. Ukitumia kurasa saba kati ya kumi na tano kwa mazungumzo ya kaka na dada usiku mmoja wa joto, hutakuwa umepoteza kitu. Kaka asipige kelele. Amheshimu dada yake, hata ampende, na hofu yake iwe ya kweli:

"Dada, wale ng'ombe wako kwa wakwe zangu. Nikiwadai, mke wangu anaondoka na watoto."

"Najua, kaka. Niliwahesabu walipokuwa wanatoka."

Msomaji akifika hapo hahitaji kuambiwa kuwa mwanamke huyu anatendewa dhuluma. Anaiona imekaa kwenye kiti cha plastiki, inatoka jasho, na ina uso wa mtu mwema.

Novemba 2018 dunia nzima ilisikia kwamba binti mdogo wa Sudan Kusini alinadiwa kupitia Facebook, na mwanamume aliyeshinda alitoa zaidi ya ng'ombe 500, magari na fedha taslimu. Magazeti ya nje yaliandika sana kuhusu Facebook. Mimi nakusihi uandike kuhusu siku iliyofuata, watu walipokwenda zao na binti akabaki na mtu ambaye hakumchagua. Jambo lenyewe lilikuwapo kabla ya simu. Takwimu zilizotajwa katika ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 zilionyesha kwamba asilimia 48 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wa nchi hiyo walikuwa wameolewa, na ripoti yenyewe iliwasikiliza wasichana waliopigwa na ndugu zao kwa kukataa. Takwimu hiyo usiiweke kwenye hadithi. Iweke mezani unapoandika, ikukumbushe kwamba humtungi mtu wa ajabu. Unamtunga msichana mmoja kati ya wawili.

Shangazi sasa. Nakuomba usimfanye mchawi. Katika hadithi nyingi za aina hii shangazi huingia ili achukiwe, anasema maneno makali, anatoka. Lakini mwanamke wa umri wake amepita katika vita viwili au vitatu, amezika watoto, amelala katika kambi za wakimbizi za Kakuma au Adjumani au kwenye vibanda vya pembezoni mwa Khartoum, na mila ile anayoilinda ndiyo kitu pekee ambacho hakikuchomwa moto. Alipofiwa na mume, huenda alirithiwa na shemeji yake, akazaa watoto kwa jina la marehemu, na hakuna aliyemuuliza. Akikubali leo kwamba mpwa wake ana haki ya kukataa, itabidi akubali kwamba yeye pia alikuwa nayo, na hilo ni zito kulibeba ukiwa na miaka sitini. Mpe jambo moja ambalo yuko sahihi kabisa. Kwa mfano, amwambie binti kwamba jiji halitamlisha, na kweli wiki hiyo hiyo askari wa manispaa wabomoe kibanda chake cha chai. Hadithi ambayo mpinzani hana hoja hata moja ni risala, na risala hazimbadilishi mtu.

Kuhusu mzee wa mahakama, fanya haraka, kwa kuwa chumba cha mahakama kinavutia mno na kitakuibia kurasa. Unachohitaji kujua ni hiki. Katiba ya Mpito ya 2011 inasema hakuna ndoa bila ridhaa kamili ya mwanamume na mwanamke, na inaiagiza serikali itunge sheria za kupambana na mila zinazodhalilisha wanawake. Sheria ya Mtoto ya 2008 inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi afikie miaka 18. Wakati huo huo, kanuni ya adhabu ya 2008 inatamka kwamba tendo la ndoa kati ya mume na mke si ubakaji, na inaufanya uzinzi kuwa kosa la jinai. Ripoti nyingine ya Human Rights Watch, ya mwaka 2012, ilikuta magerezani wanawake waliofungwa kwa uzinzi, na wengine waliokwenda tu kutafuta talaka. Basi mhusika wako anaweza kuwa na Katiba mkobani na bado akalala jela. Mfanye mzee aisome ile Katiba, aisome vizuri, akubali kwamba inasema hivyo, kisha aulize: "Na ng'ombe?"

Kuna kishawishi kimoja ambacho lazima nikutajie jina lake: gari jeupe la shirika la misaada. Juba imejaa magari hayo, na mwandishi aliyechoka hulisimamisha moja mlangoni, mwanamke akaokolewa, akapelekwa warsha, akajua haki zake, mwisho. Lifute. Yapo mashirika yanayofanya kazi ya maana, na wanawake wa Sudan Kusini wenyewe ndio wanaoyaendesha mengi ya hayo, lakini hadithi fupi hukosa uti wa mgongo pale uamuzi unapofanywa na mtu aliyefika ukurasa wa kumi na tatu. Aliyekataa ndiye aamue. Kama kuna wa kumsaidia, awe mtu ambaye tumekwisha kumwona: jirani wa uzioni, mke wa kaka, au shangazi mwenyewe akifanya kitu kidogo kinyume na maneno yake yote, kama kumwachia binti nauli chini ya milaya, shuka aliyoitarizi kwa mkono wake.

Wapo watakaokuambia hadithi yako imepitwa na wakati, kwa sababu wanawake wameshafika juu. Rebecca Nyandeng alishika umakamu wa rais mwaka 2020. Angelina Teny aliongoza wizara ya ulinzi kuanzia mwaka huo hadi 2023. Jemma Nunu Kumba akawa Spika wa Bunge mwaka 2021, mwanamke wa kwanza. Mkataba wa amani wa 2018, uliolenga kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka 2013, uliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi za uongozi. Yote ni kweli na nayafurahia. Ila mhusika wako haombi kiti cha uspika. Anaomba kulala usiku bila kupigwa, na pesa yake ya chai ikae mkobani mwake. Andika kuhusu hilo.

Ukitaka maandamano ndani ya hadithi, Juba imekupa ya kweli yanayozidi ya kubuni. Tarehe 9 Desemba 2017, mwaka wa nne wa vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe, mamia ya wanawake walitembea katika mitaa ya Juba wakiwa wamebandika plasta midomoni. Hawakuimba wala kupiga vigelegele, katika nchi ambayo mwanamke hutarajiwa kupiga vigelegele katika kila jambo, hadi katika kuwasili kwa kiongozi uwanjani. Waliandamana kupinga vita vilivyokuwa vinawaua waume zao na kuwafanya wao na binti zao nyara za askari. Kitu kigumu kwa mwandishi hapa ni umati. Ukiandika "wanawake waliandamana," umeandika habari ya gazeti. Chagua mdomo mmoja. Andika jinsi plasta inavyoshika jasho, jinsi pua inavyohangaika kuvuta hewa kwenye vumbi la Desemba, jinsi mtu aliyezoea kusalimia kila anayempita anavyolazimika kusalimia kwa macho. Halafu mrudishe nyumbani, aibandue plasta mbele ya mume anayemuuliza alikuwa wapi. Maandamano makubwa zaidi ya siku hiyo yako katika jibu lake.

Nimefika kwenye agizo ninalolipa uzito kuliko yote: usimuue. Fasihi yetu imewaua wengi. Rosa Mistika wa riwaya ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, analelewa na baba mkali, anapotea, na mwishowe anajiua. Kezilahabi alikuwa na ujasiri mkubwa kuandika alichoandika wakati ule, na kitabu chake kinamshtaki baba kuliko binti. Hata hivyo, vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kukisoma kama onyo kwa wasichana, kwa sababu maiti haiwezi kumjibu mwalimu. Mhusika aliyekufa hutafsiriwa na waliobaki. Aliye hai anaendelea kuwasumbua. Mwache basi aishi, hata kama maisha yenyewe ni chumba cha mabati Munuki, watoto wawili kati ya wanne, na kaka asiyemsemesha. Mlipishe gharama, maana gharama ipo na kuificha ni kuwadanganya wasichana watakaokusoma. Lakini asubuhi aamke, awashe mkaa, achemshe chai.

Mwalimu wa kazi hii yupo. Stella Gaitano alizaliwa Khartoum mwaka 1979 kwa wazazi wa Kusini, akasomea ufamasia Chuo Kikuu cha Khartoum, akaanza kuandika hadithi fupi kwa Kiarabu. Hadithi yake "Ziwa Lenye Ukubwa wa Papai," iliyompa tuzo akiwa bado kijana, imejengwa juu ya bibi na mjukuu wake, na hadithi zake za awali zinakaa miongoni mwa watu wa Kusini waliokimbilia Khartoum, mahali ambapo wanawake walipika pombe ili walishe watoto na polisi wakawajaza katika gereza la Omdurman. Nchi yake ilipopata uhuru, alihamia Juba mwaka 2012. Kule alilaumiwa kwa kuandika kwa lugha ya mtawala wa jana, naye akaendelea nayo. Vita vilipozuka Desemba 2013 alivikosoa waziwazi, vitisho vikamfuata, akarudi Khartoum. Riwaya yake kuhusu Eddo na uzao wake, inayoanza na mama na kuufuata umama kizazi hadi kizazi, ilitoka mwaka 2018, na ikatoka kwa Kiingereza mwaka 2023. Mwaka 2022 alihamia Ujerumani kwa msaada wa chama cha waandishi, PEN. Ninachojifunza kwake ni kwamba wanawake wake wana miili: wana njaa, wana hasira, wananyonyesha, wanatukana. Hawajapewa kazi ya kuwakilisha wanawake wote. Anayewakilisha wote hana muda wa kukuna mgongo, na msomaji humwamini mtu anayekuna mgongo.

Ukimaliza rasimu, usianze na mhariri. Isome kwa sauti mbele ya wanawake watatu wa rika tofauti, mmoja wao awe ameolewa kwa ng'ombe. Wakicheka pale ambapo hukukusudia, sikiliza wanacheka nini. Mmoja akikasirika, muulize ni mstari gani, usijitetee. Kisha fikiria usalama wako. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2014 iliwapa maofisa uwezo wa kukamata watu bila hati, na mara nyingi magazeti ya Juba yameondolewa makala yakiwa kwenye mtambo wa uchapaji. Si aibu kuchapisha Kampala au Nairobi, na si aibu kutumia jina la kalamu. Badilisha pia mtaa, kabila na idadi ya watoto wa yule aliyekupa kisa, kwani wewe unaweza kuvuka mpaka wa Nimule na yeye akabaki na kaka zake.

Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Kiswahili kinasikika Konyo Konyo kila siku kwa sababu ya wafanyabiashara na wakimbizi waliorudi kutoka Kakuma. Wanawake wa Juba wametujia sokoni, kanisani na shuleni, lakini kwenye rafu zetu za vitabu hawajafika ipasavyo. Wewe mwenye Kiarabu na Kiswahili, tutafsirie hadithi za Gaitano. Na wewe uliyekulia Juba ukajifunza lugha hii kambini, andika yako, itume kwa wahariri wa Kiswahili, na wakikukatalia mara ya kwanza kwa sababu mhusika wako hana adabu, itume tena vile vile alivyo.